Humu Hamna Mtu

Jumapili, 3 Januari

Mama Chiriku,

Tumefika salama, mtoto na mizigo yote, isipokuwa ule mwavuli wako ambao nadhani umebaki kwenye lori. Usianze kugomba, soma kwanza.

Chumba ni kile kile nilichokueleza: kimoja lakini kikubwa, na dirisha linatazama ua wenye bomba la maji la wapangaji wote. Chiriku ameshanyakua upande wa dirishani. Asubuhi anawapungia mkono watu wanaochota maji kama vile yeye ndiye mwenye nyumba.

Kazini nimeanza kuzoeleka, ingawa wamenipa jina baya. Unajua mashine za hapa za kukandia unga hazina kelele, si kama mitambo yetu ya kufuma. Sasa kabla sijaja kumchukua mtoto, siku moja nilikuwa upande huu wa ukumbi, msimamizi upande ule. Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti, kama tulivyozoea huko kiwandani, kwamba mkanda wa mashine umechoka. Kumbe huku hakuna anayesoma midomo. Mtu mzima alinitazama, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akaja kuniuliza kwa nini namtumia mabusu. Tangu siku hiyo mimi ni "mchumba wa msimamizi". Cheka tu, nami nilicheka.

Sasa shule. Nimezunguka mpaka soli zimeisha. Ya kwanza iko barabara kuu, ina geti la bluu na madarasa yenye feni, na wanafunzi wake wanatembea kwa mistari. Wanapokea kwa mtihani, na mtihani ni wiki hii. Ya pili iko nyuma ya stendi. Wanakaa wanne kwenye dawati la wawili, na mwalimu niliyemkuta alikuwa amekauka koo. Inapokea kila mtu, ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Nyingine zote zimejaa au ziko mbali mno. Katikati ya mwezi milango inafungwa, na asiye na nafasi anakaa nyumbani mwaka mzima.

Lakini mtoto aliyeshika namba mbili darasani atashindwaje? Mimi nalitazama geti la bluu tu. Wewe maliza notisi yako ya kuacha kazi kwa amani, mwisho wa mwezi uje.

Barua nampa dereva wa lori la vitambaa, kama kawaida. Jumanne jioni kaa getini kwa mlinzi, nitapiga simu yake ili uongee na mwanao.

Baba Chiriku


Jumatano, 6 Januari

Baba Chiriku,

Mwavuli ninao, uliuacha mlangoni. Hayo tuyaache, maana nina neno kubwa zaidi.

Jana nilikaa getini kama ulivyosema. Mlinzi akanipa simu, nikakusikia vizuri ukimwambia mtoto, "Ongea na mama." Nikamwita. Nikamwita tena. Nikamwimbia hata ule wimbo wetu wa kipuuzi wa paka aliyeiba soksi, mlinzi na wenzake wananitazama. Kimya. Kisha nikamsikia kwa sauti yake ile ya kupasua hewa: "Baba, humu hamna mtu." Akaondoka zake.

Humu hamna mtu, nami nimo humo! Nililia mbele ya walinzi, na leo kiwanda kizima kinajua.

Nikuulize bila kuzunguka: umemwambia nini mtoto? Najua hukupenda nilipokataa kuondoka kabla ya notisi kwisha. Ulisema mama mwenye mapenzi hamwachi mwanawe hata wiki nne. Kama umemlisha maneno hayo, umeniua. Notisi si ukaidi. Nikiondoka kabla ya muda, hawanipi barua ya utumishi, na bila barua hiyo huko mjini nitaanza kwa kufagia.

Na mtihani umekwendaje? Niandikie kila kitu, walimuuliza nini, alijibu nini. Mtambo wangu umeshaahidiwa dada mmoja wa zamu ya pili, anakuja kuutazama kila siku kama mtu anayetazama kiwanja. Sina pa kurudi. Hiyo shule lazima ipatikane.

Mama Chiriku


Jumapili, 10 Januari

Mama Chiriku,

Mimi simlishi mtoto maneno. Nilishangaa kama wewe. Nilimuuliza kwa nini amemfanyia mama yake vile, akanitazama tu na macho yake makubwa. Umri huo wana vichwa vyao. Tusipige simu tena kwa sasa, tusizidishe.

Mtihani ulikwenda vizuri. Hesabu alipata zote, mwalimu mwenyewe alisifu. Kuna vitu vidogo vidogo wanaviangalia, basi tunasubiri. Hata hivyo nimeona si vibaya kuichunguza zaidi ile ya nyuma ya stendi. Geti la bluu lina majivuno mengi, na mtoto si lazima asomee kwenye feni.

Nikwambie ukweli mmoja tu, huku amebadilika. Amekuwa mkaidi. Unamtuma kitu anaendelea na yake kama ametia pamba masikioni. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sitaki avunjike mikononi mwangu kabla hujafika. Mji unawaharibu watoto haraka. Lakini usihofu, nipo.

Baba Chiriku


Jumatatu, 11 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa lori mwenyewe alipokuja kumwona baba. Baba hajui. Usimwambie.

Mama, mimi sikufaulu. Baba alisema usiambiwe, atatafuta njia. Hesabu zilikuwa rahisi, ziliandikwa ubaoni. Halafu mwalimu akachukua kitabu akaanza kutembea nyuma yetu. Watoto wote wakaanza kuandika. Mimi sikujua wanaandika nini, hakuna kitu kilichoandikwa ubaoni. Nikachungulia kwa mwenzangu ili nijue. Mwalimu akaja akachukua karatasi yangu, akamwita baba. Midomo yake ilisema mwizi. Na kitu kingine sikukiona kwa sababu alijishika mdomo.

Njiani baba alinivuta sikio akasema nimemtia aibu kwa jeuri yangu. Mimi sina jeuri mama. Watu wa huku wanasema vibaya. Wanafumba midomo, wanaongea huku wanatazama pembeni, wengine wana ndevu. Nikiwauliza mnasemaje wanacheka.

Na umeme unakatika sana. Ukikatika baba ananyamaza mpaka urudi. Najua hata nyumbani mlikuwa mnanyamaza gizani, lakini hapa ni mara nyingi na mimi naogopa. Nikimwambia baba sema kitu, hasemi.

Kwa nini siku ile hukuja kwenye simu? Nilishika simu nikasubiri sana.

Mimi mwanao,
Chiriku


Jumatano, 13 Januari

Mama Chiriku,

Piga vigelegele! Nafasi imepatikana. Shule ya nyuma ya stendi wamekubali, anaanza Jumatatu. Sikutaka kukutia wasiwasi mapema, ila geti la bluu walikuwa na maneno yao. Walimpa sifuri ya imla, wakasema eti mtoto ni mzito, na pia anaibia. Mtoto wetu! Nilitoka pale nimefura.

Hawa wa stendi nao wamemsaili, wakasema watamrudisha madarasa mawili nyuma kwanza ili "azoee". Nimekubali. Bora nusu shari. Mwalimu mkuu alikuwa anamuuliza maswali huku anatafuta faili kabatini, mgongo kwetu, na Chiriku hakujibu hata moja. Nilimfinya begani ndipo akaanza kujibu vizuri, lakini jibu la swali lingine. Nikaomba radhi, nikasema ana aibu ya ugeni.

Madarasa mawili si mwisho wa dunia. Atayaruka baadaye.

Baba Chiriku


Jumatano, 13 Januari

Baba wa mtoto wangu,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Mtoto ameniandikia. Ukimgusa hata ukucha kwa sababu hiyo, tutakosana mpaka kiama. Najua kuhusu mtihani, najua kuhusu sikio ulilolivuta. Hasira hiyo nitaitoa nikifika, leo sina nafasi nayo.

Ameandika kwamba umeme ukikatika wewe unanyamaza. Nakujua, hunyamazi hata usingizini. Ameandika pia kwamba hata huku nyumbani mimi na wewe tulikuwa tunanyamaza gizani. Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama kwenye mtambo, nyuzi zikakatika mbele yangu nisizione. Dada wa zamu ya pili ndiye aliyeuzima.

Fikiri pamoja nami. Hapa sote tunaongea kwa midomo, na tukitoka kazini mdomo hauachi mazoea, tunaendelea vile vile mezani. Kabla ya kumwambia mtu neno tunamgusa bega. Shule yao imepakana na ukumbi wa kufuma, mwalimu asipowageukia watoto na kuupanua mdomo hasikiki na yeyote. Mwanao kajifunza midomo kabla ya kujifunza kufunga viatu, sisi tukajisifu kwamba ni mtoto wa kiwandani hasa. Tukasema anapayuka kama sisi, tukamwita Chiriku.

Ni lini uliwahi kumwita kutoka chumba kingine akaja? Mimi nimekaa na kutafuta siku hata moja tangu ile homa yake ya mwaka juzi. Siioni.

Na simu. Mungu wangu, simu. Alisubiri.

Sitaki kuliandika neno lenyewe. Fanya hivi: akiwa anashughulika, simama nyuma yake mbali kidogo, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii. Usikanyage kwa kishindo. Usimguse. Mwite tu. Kisha niandikie ukweli, na safari hii usinipambie.

Mama Chiriku


Jumamosi, 16 Januari

Mke wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Ile yangu ya vigelegele ichome.

Yako niliisoma nikakasirika. Nilijiambia mama huyu amechoka na kazi, mtoto wangu hana kilema, namba mbili darasani hana kilema. Nikaiweka mfukoni siku nzima. Jioni nikarudi, nikamkuta uani kwenye bomba anafua soksi zake, amenipa mgongo.

Nilisimama mlangoni kwetu. Nikamwita kwa sauti ya kawaida. Akaendelea kufua. Nikaongeza. Mama mmoja mpangaji akatoa kichwa dirishani. Nikamwita kama tunavyoitana siku mtambo unaposhika moto. Watoto wa jirani wakaacha mpira, mzee wa chumba cha pembeni akatoka na taulo, ua mzima ukageuka kunitazama. Mwanangu akainua soksi, akaikagua kisigino, akairudisha majini.

Nilimwita tena, sijui kwa nini. Sikuwa namwita yeye tena.

Kisha akaona watu wote wanatazama upande mmoja, akageuka, akaniona, akatabasamu. Akasema, "Baba, umerudi! Mbona unalia?"

Sikio lile nililolivuta, mke wangu.

Jana nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Walimfungia kwenye kijichumba, wakamvisha vile vya kusikilizia vya kichwani. Daktari anasema kushoto hakuna kitu, kulia kimebaki kidogo, na huenda ni ile homa. Kilichopotea hakitarudi, lakini hicho kidogo kinaweza kusaidiwa kwa kifaa. Nilipomwambia tumepata shule ya nyuma ya stendi, alivua miwani akaniuliza, "Unataka asome au unataka akae tu darasani?" Akatuelekeza shule moja ng'ambo ya reli. Wanasoma pamoja wanaosikia na wasiosikia, walimu wana mafunzo. Mimi katika kuzunguka kwangu kote sikuiuliza hata jina, nilijua haituhusu.

Leo tumekwenda. Nafasi ipo moja. Wanamtaka Jumatatu na Jumanne akae darasani wamtazame, halafu Ijumaa jioni nitoe jibu, maana kuna wazazi wengine wanasubiri. Nami sitaki kutoa jibu peke yangu tena. Nimeona majibu yangu ya peke yangu yalivyo.

Mume wako


Jumanne, 19 Januari

Baba Chiriku,

Nimesoma, nimelia, nimenawa uso nikaenda kazini. Mtu afanye nini.

Sikulaumu wewe peke yako, maana nami nilikuwa naye kila siku nikimsuka nywele kwa vidole hivi hivi, masikio yake yote mawili mbele yangu.

Sasa nisikilize. Moyo wangu unasema mlete. Nimezungumza na bosi, anasema nikiifuta notisi kabla ya Jumamosi mtambo bado ni wangu. Huku hakuna atakayemcheka. Kila mtu atamgeukia, kila mtu atamgusa bega, atashika namba mbili yake na ataolewa na mtoto wa kiwandani. Hatajua hata kwamba kuna kitu anakikosa. Huko mjini mtu wa kwanza aliyemwona alimwita mwizi. Kila nikifikiria hiyo shule naona mlango ambao mtu akiuingia ameshapewa jina, na jina hilo litamfuata mpaka uzee. Siwezi, Baba Chiriku. Naogopa hasa.

Dada wa zamu ya pili, yule mpenda kiwanja, nilimweleza. Nilidhani atafurahi au atasikitika kwa ajili ya mtambo. Akaniambia kwa midomo, katikati ya kelele zote zile: "Na siku akitoka nje ya geti hili?" Nikamgeuzia mgongo. Lakini swali nililiona.

Basi nimeamua hivi. Mimi na wewe tumeshamwamulia mengi bila kumuuliza. Nyuma ya karatasi hii nimemwandikia mwenyewe. Mpe aisome, usimfafanulie, usimwambie unapenda nini. Akisema anarudi, nafuta notisi. Akisema anabaki, nafunga mizigo. Jibu lije na lori la Alhamisi.

Mama Chiriku

Chiriku wangu,

Siku ile nilikuwepo kwenye simu. Nilikuita na nilikuimbia wimbo wa paka. Sauti yangu haikufika kwako kwa sababu masikio yako yamechoka, siyo kosa lako, na siyo jeuri. Hata gizani tulikuwa tunaongea, mwanangu. Hatukujua kwamba hutuoni. Tusamehe.

Niambie ukweli wako. Unataka kurudi huku kwetu, au unataka ile shule ya ng'ambo ya reli? Chochote utakachosema, mimi nitakuwa upande wako.

Mama


Alhamisi, 21 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi. Baba amekaa nje ili nisimwone uso.

Nilidhani watu wote wako kama mimi. Nilidhani gizani kila mtu ananyamaza. Nilipojua mnaongea nilikasirika kidogo. Kisha nikataka kujua mlikuwa mnasema nini. Utaniambia yote ukija.

Nimekaa kwenye shule ile siku mbili. Jengo ni la zamani, choo kinavuja na kuna mvulana mmoja anapenda kusukuma watu. Uji wao hauna sukari. Mwalimu wetu ni mnene na ana chaki kwenye sketi. Akiandika ubaoni anafunga mdomo, anamaliza, anageuka, ndipo anasema. Wenzangu wengine wanasema kwa mikono, mimi bado sijui, lakini nimeshajifunza maji, mpira, na tusi moja ambalo siandiki.

Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kitu wakati mtoto mwingine amepita mbele yangu. Sikuona. Nikaanza kutazama wenzangu wanafanya nini, kama ninavyofanya siku zote. Mwalimu akaja akachuchumaa mbele yangu akasema, "Kama hukusikia, sema sikusikia." Mama, mimi sijawahi kulisema neno hilo. Nilidhani ukilisema unapigwa. Nikasema polepole, sikusikia. Hakukasirika. Alirudia swali lote tangu mwanzo, nami nikalijibu.

Huko nyumbani nawapenda wote, lakini nabaki. Njoo mama. Ukifika usiniite kwa mbali, njoo mpaka mbele.

Siku ya pili nimesema sikusikia mara nyingi, na mwalimu alirudia kila mara. Ile ya mwisho nilikuwa nimeelewa vizuri kabisa. Nilitaka tu kulisema tena.

Mwanao,
Chiriku